"Ukivua, utakuwa babu tena?"

Aliyeuliza hivyo ni binti wa miaka mitatu na nusu, asubuhi ya tarehe 25 Januari, katika chumba cha chekechea ninachofanyia kazi hapa Glasgow, Scotland. Aliyeulizwa ni babu wa mmoja wa watoto wetu, fundi bomba mstaafu, aliyekuja kuwasomea watoto shairi akiwa amevaa kilti, vazi la jadi la huku linalofungwa kiunoni na kuishia magotini. Mzee hakucheka. Aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamwambia, "Hata sasa hivi ni babu. Nguo tu ndiyo nyingine."

Yule binti akamtazama toka juu hadi chini, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kukaa mkekani.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kabla ya kukiandika. Ndani ya siku tatu niliona watoto wakiipokea nguo ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona, kisha nikaona jinsi sisi watu wazima tulivyowafundisha kuifanya kichekesho, na hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wahusika wasitambulike.

Chumba chetu kina watoto 18, wa miaka mitatu hadi mitano. Scotland humpa kila mtoto wa miaka mitatu na minne saa 1,140 za chekechea kwa mwaka bila malipo, ndiyo maana mkeka mmoja hukaliwa na mtoto wa daktari, mtoto wa dereva wa basi, na mtoto ambaye wazazi wake wangali wanasubiri jibu la maombi yao ya hifadhi. Nyumbani huzungumza Kiingereza, Kiurdu, Kipolandi, Kiarabu, na mmoja wao Kiswahili cha Bukavu, Kongo. Msomaji asidhani kwamba mtoto wa Glasgow huzaliwa akiijua kilti. Si nguo ya kila siku hapa. Watoto wengi wa chumba chetu waliiona harusini, maana bwana harusi na wenzake huikodi kwa siku hiyo, au waliiona kwa wapiga zumari wa Buchanan Street, au kwa wanaume wanaoelekea uwanja wa Hampden timu ya taifa inapocheza. Wanne kati yao, kwa kadiri nilivyoweza kujua, walikuwa hawajaiona kabisa.

Na mimi je? Nimezaliwa Lamu. Baba yangu hushinda na kikoi nyumbani, na Ijumaa huvaa kanzu juu ya kikoi hicho hicho. Sikuwahi hata mara moja kukiita kikoi sketi. Lakini mwezi wangu wa kwanza Glasgow, mwanamume aliyevaa kilti alipopanda basi, neno lililonijia lilikuwa hilo hilo: sketi. Likanijia pamoja na tabasamu la chembe ya dharau, ambalo nililificha kwa kugeukia dirishani. Mtoto wa mtu anayefunga kikoi! Nilipowasikiliza watoto asubuhi ile, tabasamu lile lilinirudia.

Sasa nieleze yaliyotokea, maana maneno yenyewe ya watoto ndiyo yenye uzito.

Januari 25 ni siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns, mwaka 1759. Jioni yake Waskoti hula chakula pamoja na kusoma mashairi yake, na shule nyingi huwafundisha watoto shairi la Kiskoti mwezi huo. Babu alikuja na vazi kamili: kilti ya sufu ya drafti ya kijani na buluu, soksi nzito hadi chini ya magoti zenye vitambaa vyekundu vinavyochungulia pembeni, na mkoba wa ngozi uitwao sporani ukining'inia mbele kwa mnyororo. Kisu kidogo ambacho desturi hukiweka ndani ya soksi alikiacha nyumbani. Sheria ya Scotland inakitambua kisu kile kama sehemu ya vazi la taifa, lakini yeye hakuona sababu ya kuingia nacho kwa watoto.

Wa kwanza kusema alikuwa mvulana wa miaka minne. "Umevaa sketi." Hakulisema kwa kejeli. Lilitoka kama anavyosema "mvua inanyesha". Babu akajibu, "Inafanana na sketi, sivyo? Jina lake kilti." Mvulana akarudia, "Kilti," akaridhika.

Msichana mmoja akadakia, "Dada yangu anayo." Ni kweli, dada yake hucheza ngoma za nyanda za juu za Scotland, na wasichana wanaocheza ngoma hizo huvaa kilti. Jambo hilo lilinisaidia sana baadaye, na nitalirudia.

Mwingine akauliza kama magoti hayasikii baridi. Babu akasema yanasikia, hasa kituoni basi linapochelewa, ila kiunoni na mapajani ni joto kwa sababu kitambaa ni kingi. Akageuka awaonyeshe marinda ya nyuma. Kilti ya mtu mzima huchukua yadi nane za kitambaa, zaidi ya mita saba, na karibu zote zimekunjwa mgongoni. Mbele huwa bapa, pande mbili zinazopandana na kufungwa kwa bizimu kiunoni. Watoto wakataka kuyahesabu marinda. Walifika kumi na mbili wakapotea, wakaanza upya, wakapotea tena. Hapo zilipita dakika kumi nzima, na kwangu mimi ndizo zilizokuwa somo bora la hesabu la mwezi huo.

Kisha mtu akauliza inajuaje kuishia gotini. Babu akapiga magoti mkekani na kuwaonyesha pindo lisivyogusa chini. Ndivyo mafundi wanavyopima: ukipiga magoti, pindo lisilale sakafuni. Mara watoto sita nao wakapiga magoti kupima kaptula na magauni yao.

Mtoto wa Bukavu, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya kundi, alisogea akagusa sporani kwa kidole kimoja. "Ndani iko nini?" aliniuliza mimi, kwa Kiswahili. Nikamtafsiria babu. Mzee akaifungua, akatoa miwani, funguo, leso, na kadi ya basi wanayopewa wazee waliotimiza miaka 60. Kilti haina mifuko, akaeleza, kwa hiyo mfuko unautembeza nje. Yule mtoto akanigeukia tena, safari hii akicheka kwa furaha: "Kama mufuko ya mama!"

Halafu ndipo likaja swali la yule binti mdogo.

Wengi wakisikia simulizi kama hii husema, "Watoto ni malaika, hawana ubaguzi." Mimi sikubaliani na sentensi hiyo ilivyo. Watoto wa umri huu wana kanuni, tena kali. Waulize nani anavaa gauni, nani ananyoa ndevu, nani anapika, watakujibu bila kusita, na watamkemea mwenzao anayekiuka. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg alieleza mwaka 1966 kwamba mtoto hujua mapema kuwa yeye ni mvulana au msichana, lakini huchukua miaka kadhaa kuelewa kwamba jambo hilo halibadiliki kwa kubadilisha nywele au nguo. Mara nyingi huwa amekaribia miaka sita au saba ndipo linapokaa sawasawa. Swali la binti wetu linatoka hapo hapo. Hakuwa akifanya utani wala kumvunjia mzee heshima. Akilini mwake kulikuwa na kanuni kwamba wanawake huvaa sketi, mbele yake akasimama babu mwenye kitu kama sketi, na kanuni yake ikamwambia labda huyu kwa sasa si babu. Akamwuliza mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kile ambacho watu hukiita kutokuwa na ubaguzi. Kanuni anayo. Asichokuwa nacho ni dharau. Kanuni yake ameiweka wazi mezani, mbele ya mhusika, na yuko tayari ibadilishwe na jibu. Mimi kule ndani ya basi nilikuwa na kanuni ile ile, ila yangu niliificha nyuma ya tabasamu, na kwa kuwa sikuuliza, hakuna aliyeweza kunisahihisha. Ilinichukua miezi.

Angalia pia walichoshughulika nacho: baridi, uzito, idadi ya marinda, mahali pa kuweka funguo. Kati ya maswali kumi na tisa niliyoyaandika kwenye daftari langu asubuhi ile, mawili tu yaligusa suala la wanaume na wanawake, na yote mawili yalikwisha kwa jibu fupi. Yaliyobaki yalihusu jinsi nguo inavyofanya kazi.

Saa sita kasoro wazazi wakaanza kuja. Baba mmoja, mtu mkunjufu anayependwa na kila mtu pale, alimwona mzee na kwa sauti ya furaha akamwuliza swali ambalo kila mvaa kilti ameulizwa maisha yake yote: chini umevaa nini? Mfanyakazi mwenzangu akaangua kicheko. Wazazi wawili wakacheka. Babu akatabasamu kama mtu anayelipa nauli aliyoizoea, akasema, "Viatu." Watoto kadhaa wakacheka pia. Niliwatazama: walicheka wakituangalia sisi nyuso zetu, si wakimwangalia mzee.

Mimi nilinyamaza. Nilijua nyumbani kwetu mtu mzima hamwulizi mzee swali kama hilo mbele ya wajukuu, nikajiambia hapa si kwetu. Nilikosea. Nilipaswa kusema neno, hata moja.

Na lazima nimtendee haki baba yule. Hakuwa mtu wa kuidharau kilti. Yeye mwenyewe aliivaa siku ya harusi yake. Kwa Waskoti wengi utani ule ni sehemu ya mapenzi yao kwa vazi. Tatizo halikuwa nia yake. Tatizo ni kwamba alizungumza juu ya vichwa vya watu kumi na wanane ambao asubuhi nzima walikuwa wanajifunza jinsi ya kumwuliza mtu kuhusu nguo yake.

Kesho yake, kwenye kona yetu ya mavazi ya kuigiza, mtoto wa Bukavu alichukua blanketi dogo la drafti la mwanasesere akajifunga kiunoni. Akafunga mkoba wa plastiki kwa mbele. Alisimama wima, akijaribu sauti nzito ya babu. Sikuwa nimewahi kumwona amejiamini hivyo. Wavulana wawili wakubwa, wanaokaribia miaka mitano, wakamwendea, mmoja akashika pindo la blanketi kulinyanyua, huku akiuliza lile swali la jana, kwa sauti ile ile, na mkazo ule ule kwenye neno la mwisho. Mtoto akaliachia blanketi likaanguka. Hakurudi kwenye kona ile asubuhi yote.

Alichofanya yule mvulana mkubwa hakikuwa na chuki. Aliiga. Kwa umri wake, kicheko cha watu wazima ni habari: kinamwambia kitu gani ni cha kawaida na kipi ni cha kuchekwa. Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani Rebecca Bigler na wenzake waliwavika watoto wa shule ya likizo fulana za rangi mbili, buluu na njano. Walimu walipozitumia rangi hizo kupanga darasa na kuwaita watoto, watoto wakaanza kuliona kundi lao kuwa bora. Walimu walipozipuuza, watoto nao hawakuziundia upendeleo, ingawa fulana zilikuwa zile zile. Watoto wale walikuwa wakubwa kuliko wetu, lakini nilipouona mkono ule ukinyanyua blanketi niliwakumbuka.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Majuma machache kabla, tulikuwa tumewafundisha watoto kanuni ambayo shirika la kulinda watoto la NSPCC limeieneza nchi nzima: kilichofunikwa na chupi ni siri yako mwenyewe, na hakuna mwenye haki ya kukuomba umwonyeshe. Tuliimba, tukachora. Kisha mtu mzima akasimama mlangoni akamwuliza mzee hadharani kuhusu jambo hilo hilo, na sisi tuliowafundisha tukacheka au tukanyamaza. Mtoto wa miaka mitano ataamini kipi, wimbo wetu au kicheko chetu?

Tulipowaita wale wavulana wawili, hatukuwagombeza. Mwenzangu, ambaye kwa hakika aliumia alipoona matokeo ya kicheko chake, aliwaambia, "Jana mimi nilicheka, na sikufanya vizuri. Lile halikuwa swali la kumwuliza mtu." Wakamtazama kwa mshangao mkubwa. Nadhani hawakuwa wamewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo tumwulize nini?" Tukawarudisha kwenye maswali yao wenyewe ya jana: baridi, marinda, funguo.

Jioni ya siku hiyo ya pili mama wa mtoto wa Bukavu akanivuta pembeni. "Mwalimu, mutoto anasema kulikuwa muzee mwenye kuvaa jupe. Ni kweli?" Jupe ni sketi kwa Kifaransa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehofia jibu. Yuko nchi ya watu, hajui desturi, na mtoto amefika nyumbani akitaka kujifunga blanketi. Nikamweleza, "Ni kweli, mama, lakini hapa ni vazi la heshima la wazee wao, la harusi na la mazishi. Kwetu Lamu baba yangu anafunga kikoi." Akanyamaza kidogo. Halafu uso ukamlegea. "Hata papa yangu, usiku alikuwa anajifunga kikwembe," akasema. "Tulikuwa tunamucheka? Hapana." Akaondoka amemshika mtoto mkono, wakizungumza.

Siku ya tatu babu alirudi kumchukua mjukuu wake, safari hii na suruali. Binti wa swali alimwona, akamwangalia kwa makini, akasema, "Umekuwa babu." Mzee akasema, "Nilikuwa babu." Binti akafikiri. "Ndiyo. Ulikuwa na magoti." Siwezi kudai kwamba alielewa kila kitu, lakini alikuwa amesogea.

Nilimkaribisha babu chai, nikamwomba radhi kwa ukimya wangu. Akasema amezoea. Halafu akanisimulia, kama mtu anayetaja mambo ya jirani, kwamba nguo ile iliwahi kumtia mtu jela. Baada ya vita vya Culloden mwaka 1746, ambapo jeshi la serikali liliwashinda waasi wa Scotland, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Scotland kuivaa: miezi sita kifungoni kwa kosa la kwanza, na kwa kosa la pili kusafirishwa ng'ambo miaka saba. Waliosamehewa ni askari wa mfalme. Sheria ilifutwa mwaka 1782. Miaka 40 tu baadaye, 1822, Mfalme George wa Nne alifika Edinburgh kwa sherehe zilizopangwa na mwandishi Sir Walter Scott, na mfalme mwenyewe akavaa kilti. "Sheria ile iliwataja hata wavulana," mzee alisema, akakoroga chai yake. Niliwaza kuhusu blanketi lililoanguka sakafuni.

Tulipokutana wafanyakazi wote Ijumaa, pendekezo la kwanza lilikuwa tuwaambie watoto kwamba "hii ni sketi ya wanaume" tumalize. Nilipinga. Kwanza si kweli, maana dada wa yule msichana anayo yake na anaichezea ngoma. Pili, jibu hilo linamnyang'anya mtoto kanuni moja na kumpa nyingine ngumu vile vile, ambayo itavunjika mara atakapomwona msichana jukwaani. Jibu la babu lilikuwa bora kuliko la kwetu sote: alikubali mfanano, akataja jina, akaacha mtoto aendelee kuuliza. Hakupigana na neno sketi. Kinywani mwa watoto neno hilo halikuwa tusi.

Tulikubaliana pia kwamba utani wa mlangoni tuukatishe papo hapo, kwa upole, mbele ya watoto. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, hasa kwa mgeni kama mimi anayehesabiwa kila neno. Baba yule mkunjufu nilimweleza mwenyewe, nikamtajia lililotokea kwenye kona. Alinyamaza, akasema hakufikiria. Juma lililofuata alileta kilti yake ya utotoni, ndogo kama leso, akaiacha kwenye kona ya mavazi.

Ilikaa siku nne bila kuguswa. Siku ya tano mtoto wa Bukavu aliichukua, akajifunga, na binti wa swali akamsaidia kukaza bizimu. Wakaikosa sporani, kwa sababu mkoba wa plastiki ulikuwa umekatika kamba. Binti akanijia.

"Baba yako ana kilti?"

"Ana kikoi."

"Anaweka wapi funguo?"

Nikachukua blanketi la drafti, nikajifunga juu ya suruali yangu ya kazi kama anavyojifunga baba, nikakunja ukingo wa kiunoni kwa nje mara mbili ukaze, nikawaonyesha kibindo. Binti akachomeka funguo yake ya mbao ndani ya mkunjo, akarudi nyuma hatua mbili, akangoja kuona kama itaanguka.

"Ruka," akaniambia.